Majina mengi vile, nayasomaje?

Umeuliza utapata nini cha kiroho kwenye orodha za ukoo, maana kila ukifika hapo unaruka. Usianze na 1 Mambo ya Nyakati: sura 9 za kwanza karibu zote ni majina, na wengi hukwama papo hapo. Anza na Mathayo 1:1-17.

Isome kwa sauti, taratibu, ukiwinda mahali mtindo unapovunjika. "Akamzaa, akamzaa", kisha ghafla mwanamke anatajwa: Tamari, Rahabu, Ruthu. Wa nne hatajwi hata jina, ni "mke wa Uria", na hapo dhambi ya Daudi inabaki wazi katikati ya ukoo wa Masihi. Simama kwa mmoja tu kwa siku, usome habari zake (Mwanzo 38, Yoshua 2, Ruthu, 2 Samweli 11), ndipo uombe. Ukibeba wote wanne kwa mkupuo, hutabaki na kitu.

Mwanzo 5 nayo hivyo hivyo: "akafa" inarudi mara 8, ila kwa Henoko haipo.

Usihesabu vizazi ukitafuta tarehe. Mathayo anatoka Yoramu hadi Uzia akiwaruka Ahazia, Yoashi na Amazia (linganisha 1 Nyakati 3:11-12), kwa kuwa anapanga mafungu matatu ya vizazi 14. Na hizo tafsiri za siri za kila jina zinazosambazwa, mimi ningeziacha. Nyingi ni za kulazimisha.

Ukizoea, nenda Luka 3:23-38, inayopanda kinyumenyume hadi Adamu.