Kabla ya kukariri wingi, hesabu silabi

Nimefundisha Kiswahili watu wazima kwa miaka, na nisipokuwa darasani nahariri maandishi ya wengine. Kazi zote mbili zimenifikisha kwenye ushauri ambao natamani kila anayejifunza lugha hii aupate mapema: lile jedwali refu la ngeli, liweke kando kwanza. Shika shina la neno, lisikilize linavyotamkwa. Mengi ya yale tunayoambiwa ni vighairi vya kukariri yana sababu, na sababu yenyewe huwa masikioni.

Nitaanza na idadi ya silabi, maana hapo ndipo penye utamu na ndipo vitabu vingi hupita haraka.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameuelewa vizuri udogo wa nomino. Mlima, kilima. Mtoto, kitoto. Mlango, kilango. Nikampa mti. Akaandika "kiti" bila kusita, akakitazama alichoandika, kisha akakitazama alichokalia. Nikampa mto, akapata "kito", akaniuliza kama mito midogo yote ina thamani. Kanuni aliyoitumia ilikuwa sahihi, ila alikuwa hajahesabu. Ondoa m- kwenye mlima, unabaki na -lima, silabi mbili. Ondoa m- kwenye mti, unabaki na -ti, basi. Shina la silabi moja halisimami peke yake, ni kama mche unaohitaji mti wa kuegemea, na egemeo ambalo Kiswahili hulipa hapa ni ji. Ndiyo maana tuna kijiti, kijito na kijiji. Kijiji si chochote ila mji mdogo.

Ukishaliona hilo, geuza upande wa ukubwa. Mlango mkubwa ni lango, mfuko mkubwa ni fuko: kiambishi kinatoka na shina linatembea lenyewe. Lakini mtu mkubwa ni jitu, na mji mkubwa ni jiji. Ji imerudi, na imerudi kwa sababu ileile. Hapo huwa nawaacha wanafunzi dakika chache watafute wenyewe, na kila mara kuna atakayeleta jiwe na mawe. Shina ni -we, silabi moja. Tunda na matunda halihitaji ji kwa kuwa -tunda linajitosheleza.

Sasa sifa. Tunasema gari kubwa, gari zuri, gari refu. Mbona basi gari jipya? Tunasema barabara pana, bila chochote mbele ya p. Mbona barabara mpya, wakati -pya nayo inaanza na p? Nimeona maelezo yanayosema kwamba -pya "ni sifa ya pekee". Haina upekee wowote. Ni fupi tu. Na ukiitamka mpya polepole utasikia kwamba m ile ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo: m-pya. Ilinganishe na mbuzi, ambayo m yake imeungana na b ndani ya silabi moja: mbu-zi. Halafu tamka mbwa: m-bwa. Nchi: n-chi. Nne: n-ne. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye silabi moja halina pa kuuweka. Maneno madogo kama na, ni, si husalimika kwa kuwa huegemea jirani zake katika sentensi, lakini nomino, sifa na kitenzi hutakiwa kujitegemea.

Hata ku ya anakula imetoka humo humo. Anasoma, lakini anakula, atakunywa, amekufa. Viambishi na, ta, li na me havipokei mkazo, na mashina -la, -nywa, -fa ni mafupi, kwa hiyo ku hubaki ili mkazo upate kiti. Kwenye kikanushi cha sasa hakuna na wala ta, mkazo unapata pa kukaa, na ku inaondoka: hali, hanywi, hafi. Mwalimu anayefundisha kijiji wiki moja, jipya mwezi mwingine na anakula muhula unaofuata, kana kwamba ni mambo matatu, anawapa wanafunzi mzigo wa bure. Vifundishe siku moja.

Baada ya kuhesabu, sikiliza sauti inayoanza shina. Ngeli ya U-N ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote: ulimi ndimi, ubavu mbavu, ukuta kuta, wimbo nyimbo, uso nyuso. Ukiziangalia kwa macho utadhani kila neno lina wingi wake. Zote zina kiambishi kimoja cha wingi, sauti ya puani, na kinachobadilika ni jinsi inavyogongana na inachokutana nacho. Ikikutana na b inakuwa m, maana midomo tayari inafungwa kwa ajili ya b: ubao, mbao. Ikikutana na l au r, ulimi unagonga na kutoa d: ulimi, ndimi. Kwa hiyo usishangae barabara kuwa ndefu ilhali mti ni mrefu, ni mgongano uleule. Ikikutana na irabu inakuwa ny: wimbo ni u-imbo, ukitoa u unapata nyimbo. Na uso? Shina ni -so, silabi moja, kwa hiyo u haithubutu kuondoka, na ny inakaa mbele yake: nyuso, nyufa, nyuzi. Tumerudi kwenye kuhesabu.

Ikikutana na p, t, k, ch, f, s, inamezwa: upande pande, ukuta kuta, ufunguo funguo, ushanga shanga. Imemezwa lakini haikufa kila mahali. Katika lahaja kama Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, iliacha pumzi. Paa mnyama hutamkwa kwa pumzi baada ya p, paa la nyumba halina pumzi hiyo. Kaa wa baharini na kaa la moto vilevile. Sikio lililozoea Kiswahili sanifu peke yake halitofautishi, na maandishi yetu hayaonyeshi, ila ukimsikiliza mzungumzaji wa huko kwa makini utaipata ile n ya zamani imejificha kwenye pumzi.

Kumezwa huku kuna madhara ninayokutana nayo kila siku nikihariri. Watu wanaandika "funguo yangu imepotea" na "fagio hii". Sarufi sanifu inataka ufunguo wangu umepotea na ufagio huu. Mimi hurekebisha, ndiyo kazi, lakini silaumu. Neno funguo halina alama yoyote ya wingi inayosikika. Limekaa kama kalamu au meza, na msikilizaji analichukulia kama kalamu na meza. Nyuso nazo zimesalimika, sijawahi kuona mtu ameandika "nyuso yangu", kwa kuwa ny inapiga kelele.

Anayetaka ushahidi kwamba sauti ndiyo inayoendesha gari, aangalie maneno ya kukopa. Kitabu ni Kiarabu, na k yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Wazungumzaji wakasikia ki-, wakatoa vitabu. Wakati ni Kiarabu pia, w ni ya mzizi. Wakasikia u- iliyokutana na irabu kama ilivyo kwenye wimbo, wakatoa nyakati. Waraka, nyaraka. Na waya, neno la Kiingereza lisilo na uhusiano wowote na ngeli, tumelipa nyaya. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Upande wa mwisho wa neno ni hivyohivyo: Kiswahili kinataka silabi ifungwe kwa irabu, na irabu inayoongezwa mara nyingi hufuata konsonanti iliyo jirani. Baada ya sauti ya midomo tunapata u, kama timu, filamu na kitabu chenyewe. Kwingine i: faili, basi, benki. Ukilazimika kuandika istilahi mpya kwa tahajia ya Kiswahili, anza na mwelekeo huo kabla ya kubuni wako.

Mwisho wa shina ndiko kwenye fumbo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Pika, mpishi. Andika, mwandishi. Fuata, mfuasi. Penda, mpenzi. Jenga, mjenzi. Lewa, mlevi. Kila mwanafunzi makini huuliza: kama i ndiyo inayogeuza k kuwa sh, mbona pikia haikuwa "pishia"? I ni i. Jibu ni kwamba zamani hazikuwa i moja. Carl Meinhof, Mjerumani aliyechapisha uchunguzi wake wa sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, alitenganisha i na u za kawaida na i na u alizoziita nzito. Lugha ya kale iliyozizaa lugha za Kibantu ilikuwa na irabu saba, Kiswahili kimebaki na tano. I ya mpishi ilikuwa ile nzito, iliyobana ulimi juu kabisa na kuiponda konsonanti iliyotangulia. I ya pikia ilikuwa nyepesi. Zikaja kuungana, lakini wakati zinaungana uharibifu ulikuwa umeshafanyika.

Kuna kundi moja hapa ninalolipenda kupita kiasi. Nunua, mnunuzi. Lea, mlezi. Zaa, mzazi. Vaa, mavazi. Jua, ujuzi. Z imetoka wapi, wakati vitenzi hivi vinaishia na irabu mbili tupu? Jaribu kuvinyambulisha: nunulia, lelea, zalia, valia, julia. L ilikuwepo, ikapotea katikati ya irabu, na hujitokeza tena kitenzi kinapoongezewa kiambishi. I nzito iliikuta bado ipo ikaigeuza z. Kwa hiyo mtu asiyejua nomino ya mtendaji wa kitenzi cha aina hii anaweza kuibahatisha vizuri kwa kuanzia kwenye kauli ya kutendea.

Tahadhari moja tu: nguvu hizi za zamani hazifanyi kazi tena, zimebaki kama makovu. Wa- na i zilizaa we katika wezi na wengine, lakini wingi wa mwimbaji ni waimbaji, si "wembaji", kwa kuwa tunakisikia kitenzi imba ndani yake na hatutaki kukiharibu. Waingereza na Waislamu pia wamebaki na irabu zao zote mbili. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havikuwahi kupondwa: hariri imetoa mhariri, safiri imetoa msafiri, na hakuna kilichoguswa.

Kwa hiyo nikiulizwa na mfasiri anayetafuta jina la mtendaji wa kitenzi kipya, humwambia atumie -ji. Ndicho kiambishi kilicho hai: mtumiaji, mchapishaji, mwendeshaji, mzalishaji. Hakigusi konsonanti ya shina, na msomaji anakitambua kitenzi papo hapo. Kabla ya kukitumia, aangalie kwanza kama umbo la zamani lipo na limeshachukua kazi nyingine. Matumizi yapo, lakini mtu anayetumia ni mtumiaji. Mpishi ana jikoni pake, mpikaji ni yeyote aliyeshika mwiko leo. Msomi na msomaji nao wameachana kabisa, na katika miswada ninayopokea hao wawili ndio wanaobadilishwa viti mara nyingi kuliko wote: "asante msomi kwa kufika hadi ukurasa huu", anaandika mtu, nami nakata -mi, naweka -maji.