Muulize Daktari wa Ngozi: Kabla Hujalala Chini ya Leza

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu leza. Nimechagua sita. Zile zilizokuja na picha na siri za watu nimezijibu faraghani.

Shikamoo daktari. Nina miaka 27 na ndevu zinaniota kidevuni. Nanyoa kila alfajiri kabla mume wangu hajaamka. Vinatoka vipele, vikipona vinaacha madoa meusi. Kliniki moja iliniambia leza ni ya watu weupe. Nyingine ikaniambia nije hata kesho. Nimwamini nani?

Marahaba, mdogo wangu. Usimwamini yeyote kati yao mpaka akujibu swali moja: mashine yenu inatoa mwanga wa nanomita ngapi? Jibu lake ni namba, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga huo. Asiyeijua namba hiyo asikuguse kidevu.

Mwanga wa leza ni wa aina moja tu, na kila aina ya mwanga ina kitu kinachoumeza kuliko vingine. Kwenye unywele ni melanini, ile rangi nyeusi. Unywele ukimeza mwanga unapata joto, joto linashuka mpaka kwenye shina, shina linaungua na ngozi iliyolizunguka inabaki salama. Madaktari wa ngozi Rox Anderson na John Parrish walilieleza jambo hili mwaka 1983, na leza nyingi za ngozi tunazotumia leo zimejengwa juu ya wazo lao. Tatizo ni kwamba melanini haikai kwenye unywele peke yake. Mimi na wewe tunayo tele kwenye tabaka la juu la ngozi, na mwanga haujui ipi ni ya unywele na ipi ni ya kidevu.

Leza ya aleksandriti ni ya nanomita 755. Melanini huumeza sana mwanga huo, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi joto huishia juu, na hapo ndipo watu wanapoungua. Leza ya Nd:YAG ni ya nanomita 1064. Melanini huumeza kidogo tu mwanga wake, hivyo hupita tabaka la juu na kufika chini shina lilipo. Hiyo ndiyo ya kwako. Aliyesema leza ni ya watu weupe amekosea. Aliyekwambia uje hata kesho bila kukuuliza lolote ananitia hofu zaidi.

Nasema hivi kwa sababu niliungua. Nilikuwa mwaka wa nne wa masomo ya udaktari, nina ndevu kama zako, nikaenda mahali nilipoelekezwa na rafiki. Hakuna aliyeniuliza ngozi yangu huwa inaachaje kovu, wala napaka krimu gani. Pigo la kwanza lilikuwa kama tone la mafuta ya moto. Nikauma meno, nikidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Siku ya tatu kidevu kilikuwa na madoa ya mviringo yaliyopangana kama sarafu, kila doa sawasawa na kichwa cha ile mashine. Yalichukua zaidi ya mwaka kufifia. Nilijifunika mtandio mpaka mdomoni, darasani na wodini. Kwa hiyo ukisoma hapa kwamba maumivu makali si ya kuvumilia, lichukue neno hilo kwa uzito: ukihisi unaungua, mwambie asimame papo hapo.

Omba kwanza jaribio dogo chini ya taya, kisha usubiri wiki kadhaa, kwa kuwa weusi unaoachwa na kuungua hauonekani siku hiyohiyo. Endelea kunyoa ukitaka, ila usikwanyue wala kung'oa kwa nta kwa mwezi mzima kabla, maana bila unywele ndani ya kitundu chake mwanga hauna cha kushika. Kila mara leza huziwahi nywele zile tu zilizo katika kipindi cha kukua, ndiyo maana mtu hurudi kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara sita au zaidi. Miwani ya kinga ni lazima, kwako na kwake. Mwanga wa 1064 hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuunguza retina.

Kabla ya hayo yote, hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Ndevu za mwanamke mara nyingi zina mzizi kwenye homoni, hasa pale ovari zinapokuwa na vifuko vingi. Ukichoma nywele bila kuangalia homoni, zitaota nyingine. Pima kwanza.

Na hilo la kuamka kabla ya mume wako limenikaa moyoni. Wanawake wenye ndevu ni wengi mno, wanajificha tu kama ulivyojificha wewe na kama nilivyojificha mimi.

Daktari, mwanangu ana miezi minne. Alizaliwa na doa jekundu la kukoza, limefunika kipaji cha uso na kope ya jicho la kulia. Watu wananiuliza nilifanya nini nikiwa mjamzito. Nilikosea wapi? Na je, mtoto mdogo hivi anaweza kupigwa leza?

Mama, hukukosea popote. Doa hilo linatokana na badiliko dogo kwenye jeni iitwayo GNAQ, linalotokea katika seli za mtoto akiwa angali tumboni. Wanasayansi walilitambua mwaka 2013. Halirithiwi, wala haliletwi na jambo ulilotenda, ulilotazama au ulilogusa. Wasomee hata kwa sauti wanaokuuliza.

Lakini kwa kuwa doa liko kwenye kipaji na kope, kuna jambo linalotangulia leza. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho apimwe presha ya jicho, na umwone daktari wa watoto akague mfumo wa fahamu. Baadhi ya watoto wenye doa mahali hapo huwa na mishipa ya namna hiyohiyo kwenye jicho au kwenye utando wa ubongo. Ukiona anakakamaa au anatikisika upande mmoja wa mwili, usingoje siku ya miadi.

Leza yake ipo na watoto wachanga hutibiwa nayo: ni ile ya mwanga wa njano, nanomita 595, ambayo humezwa na damu iliyo ndani ya mishipa. Kuanza mapema kuna faida, kwani ngozi yake bado nyembamba na mishipa bado midogo. Baada ya kila awamu doa litakuwa la zambarau kama jeraha la kugongwa, kwa wiki moja au mbili. Usishtuke. Awamu zitakuwa nyingi, na doa hufifia kuliko kufutika kabisa. Kama ngozi ya mtoto ni nyeusi, mwambie daktari aende na nguvu ndogo na ubaridi wa kutosha kati ya pigo na pigo.

Nina mabaka ya kahawia mashavuni tangu mimba ya pili. Nimefanyiwa leza mara tatu. Ya kwanza nilifurahi sana, yalififia. Sasa yamerudi meusi kuliko mwanzo. Nifanye ya nne?

Usifanye, dada yangu. Hiyo ni melasma kwa jinsi unavyoieleza, na melasma haipendi joto. Leza iliifagia rangi iliyokwisha kutengenezwa ukaona nafuu, lakini seli zinazoitengeneza zilibaki palepale, na sasa zimechokozwa. Nimeona wanawake wengi wakipita njia hii, na wengi huomba ya nne kwa sababu wanaikumbuka ile furaha ya kwanza.

Rudi kwenye kinga. Melasma hukolezwa na mionzi ya jua isiyoonekana, na vilevile na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao krimu nyingi nyeupe za jua haziuzuii. Tafuta yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksaidi ya chuma. Paka asubuhi, rudia mchana. Kisha daktari akupe dawa: kuna asidi ya azelaiki, ambayo hata anayenyonyesha anaweza kuitumia, na kuna mchanganyiko wenye haidrokwinoni na tretinoini unaotumika kwa miezi michache chini ya uangalizi. Miezi michache, nasisitiza. Haidrokwinoni ikipakwa miaka kwa miaka inaweza kuleta weusi wenye ubuluu ambao kuuondoa ni kazi ngumu mno. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze daktari, navyo huichochea.

Nina tatuu shingoni, jina la mtu tuliyeachana. Wino ni mweusi, pembeni kuna majani ya kijani. Itafutika yote?

Jina, pengine ndiyo. Majani, sikuahidi. Leza ya tatuu hupiga kwa muda mfupi usiofikirika, wino unavunjika vipande vidogo ambavyo seli za kinga hubeba polepole, ndiyo maana kati ya awamu na awamu ni wiki 6 hadi 8 au zaidi. Wino mweusi huondoka kwa nanomita 1064. Kijani huhitaji mwanga wa namba ndogo zaidi, na huo, kama nilivyoeleza juu, una hatari zaidi kwa ngozi nyeusi. Amua kama unaweza kuishi na majani bila jina.

Kovu la kutoboa sikio limevimba limekuwa kama punje kubwa. Nasikia leza inalikata safi.

Hilo ni keloidi, na kulikata peke yake, kwa kisu au kwa leza, ni kulipa sababu ya kurudi likiwa kubwa zaidi. Matibabu huanza na sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Leza ina nafasi yake baadaye, kupunguza wekundu na kuwasha, au kufungua njia ndogondogo ili dawa iingie. Na yeyote anayetaka kukupiga leza mahali pengine popote mwilini mwambie kwanza kwamba una keloidi.

Mwanangu daktari, nina miaka 61. Chini ya unyayo wangu wa kushoto kuna doa jeusi, mwaka jana lilikuwa kama kichwa cha msumari, sasa limepita ukubwa wa kifungo cha shati na kingo zake hazilingani. Haliumi. Kijana wa kliniki ya urembo amesema atalifuta kwa leza mara mbili tu. Niende?

Shikamoo baba. Usiende, nakuomba.

Doa jeusi linalokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha linaweza kuwa melanoma, saratani ya seli za rangi. Kwetu wenye ngozi nyeusi, hapo ndipo inapopenda kuota, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Leza itaondoa weusi na kuacha seli. Doa litapotea machoni pako huku likiendelea kushuka ndani, na daktari atakayekuja baadaye hatakuwa na cha kupima.

Huenda si saratani. Atakayejua ni daktari wa ngozi mwenye lenzi yake, na akiwa na shaka atakata nyama ya doa hilo ipelekwe kwenye darubini. Haliumi, najua. Kutouma hakumaanishi chochote hapa. Nenda wiki hii, baba. Vua soksi miguu yote miwili, aone nyayo zote na kucha zote, kisha niandikie alichokwambia.