Hewa au sufu ndani ya tandiko: mgongo wa Zabibu ulivyoniamulia

Zabibu hana tabia ya kung'ata. Ni farasi jike mtu mzima, wa rangi ya zabibu kavu kama jina lake, na anaweza kusimama chini ya mkungu wa uani kwetu nusu siku bila kumsumbua mtu. Ndiyo maana asubuhi aliyonigeukia na kunishika bega kwa meno, wakati namkaza mshipi wa tumboni, sikumpiga. Nilimvua tandiko, nikapitisha kiganja mgongoni mwake polepole. Nyuma kidogo ya mabega, upande wa kushoto, ngozi ilicheza kama inayofukuza nzi. Kidonda hakikuwepo. Miezi michache baadaye, manyoya yalipojibadilisha, pale pale paliota nywele nyeupe, upana wa sarafu ya shilingi 200. Zipo hadi leo na hazitaondoka. Ngozi ikibanwa mpaka ikaumia ndani, nywele zinarudi bila rangi, na kila anayejua farasi akimtazama Zabibu anajua kwamba mwenye farasi huyu aliwahi kuzembea.

Kosa lilianzia kwenye herufi moja. Tandiko lile lilikuwa la ngozi, la zamani, mito yake ya chini imejazwa sufu ya kondoo. Sufu ilikuwa imeshalala na kushikana kama mkeka, nikalipeleka Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa fundi wa magodoro. Nikamwambia, nijazie sufu. Akasikia sufi, ile ya mti wa msufi. Nani amlaumu? Tangu enzi za bibi zetu mito na magodoro ya Tanga yanajazwa sufi, na sufu ya kondoo wameiona wangapi, wakati kondoo wetu wenyewe wana nywele fupi kama mbuzi? Alinirudishia tandiko zuri, limenona, nikafurahi. Sufi inafaa sana kulalia kichwa. Nyuzi zake zina uwazi ndani na ni nyepesi, lakini ukiziwekea mtu mzima anayerukaruka juu ya farasi anayekwenda mbio za polepole, zinakatika. Baada ya wiki chache upande mmoja ulikuwa vumbi na upande wa pili bonge. Pamba nayo usijaribu. Inanywa jasho, inakuwa ngumu kama tofali.

Nimefuga farasi watatu kando ya barabara ya Pangani kwa miaka 11, nikiwatembeza wageni ufukweni maji yakipwa. Sisi tunaofuga farasi pwani hii tunajuana kwa sura, na swali linalonifuata kila mtu akitaka kununua tandiko ni hilo hilo: la hewa au la sufu? Nimetumia yote mawili, na yote mawili yamenitia hasara. Kwa hiyo nasema.

Kwanza elewa kinachojazwa. Ndani ya tandiko kuna kiunzi, cha mbao au cha plastiki ngumu. Hicho ndicho kinachogawa uzito wa mpandaji. Chini ya kiunzi kuna mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati yake mfereji unaopaswa kuwa mpana kiasi cha vidole vitatu au vinne ili mifupa ya uti isiguswe. Hewa au sufu inakaa ndani ya mito hiyo, basi. Kiunzi kikiwa chembamba kuliko mgongo, hakuna cha kujaza kitakachokuokoa. Niliwahi kumwongezea Zabibu blanketi la pili chini ya tandiko, mzee mmoja fundi viatu akaniona. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, kiatu kikibana unavaa soksi mbili?" Nililitoa blanketi siku hiyo hiyo.

Tandiko la hewa nililipata kwa mgeni aliyekuwa anahama nchi, kwa bei ambayo sitaitaja nisije nikakutamanisha. Ujue hewa ziko za namna mbili. Iko iliyofungwa moja kwa moja kiwandani, kama ile ya matandiko ya Wintec na Bates ya Australia. Hiyo huongezi wala hupunguzi. Na iko ya mifuko minne, miwili kila upande, mbele na nyuma, yenye vijibomba vya kujazia, kama mfumo wa Flair wa Uingereza. Hii ya pili unairekebisha mpandaji akiwa amekaa juu, mfuko mmoja mmoja, mpaka tandiko litulie sawa. La kwangu lilikuwa la mifuko minne.

Nikuambie ukweli, miezi ya mwanzo nililisifia mpaka nikachosha watu. Kiangazi majani yakikauka, farasi wetu wanakonda mgongoni, pande mbili za uti zinabonyea. Masika ikishamwaga mvua wanajaa tena. Kwa sufu, mabadiliko hayo ni kazi ya sindano na nusu siku. Kwa hewa, dakika tano. Halafu hewa haina mabonge. Na hainywi maji: tukiwaingiza farasi baharini, la sufu likilowa chumvi linakaa siku nne halijakauka ndani, na masika linaota ukungu wa kijani unaonuka kama kanzu iliyosahaulika kwenye ndoo.

Kisha Tanga ikaingilia kati. Huu ni mji wa baiskeli, pampu haikosekani nyumba yoyote. Kijana anayenisaidia, saisi mzuri sana wa kuosha na kulisha, aliona mfuko mmoja umelegea, akaunganisha pampu ya baiskeli na kupiga mara tatu kwa nguvu zake zote, kama anaokoa gurudumu. Mifuko ile haitaki hivyo. Inataka hewa kidogo tu, kwa pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono, mpaka kiunzi kielee bila kugusa farasi, na hapo unaacha. Ikizidi, mto unakuwa mpira: unagusa mgongo kwa upande mdogo wa duara lake badala ya kulala juu yake, na mpandaji anayumba kushoto na kulia kama abiria wa ngalawa. Mgeni wa asubuhi ile alishuka akiwa amekamata manyoya ya shingo kwa mikono yote miwili.

Safari ya Lushoto ikanifunza la pili. Ukipanda basi Mombo na pakiti ya krispi, ukifika juu imevimba kama inataka kupasuka. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na huko hewa ya nje ina msukumo pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko huku kwetu ufukweni. Mfuko uliojazwa Tanga unavimba vilevile. Tandiko nililolipima vizuri jioni, kesho yake Lushoto lilikuwa gumu, na nilipolipunguza kule, niliporudi likawa limelala. Jua nalo linachangia: ukiliacha tandiko jeusi juani saa saba mchana, hewa ya ndani inatanuka, jioni inanywea. Kwa hiyo lipime farasi anapotandikwa, hapo utakapopanda. Usilipime ghalani.

La tatu ndilo lililoniuma mfukoni. Mshono wa pembeni ulifumuka, nikampelekea fundi viatu. Fundi hodari, mkono mwepesi. Alitoa msharasi wake, akatoboa, akashona, akapaka rangi, huoni hata palipoharibika. Asubuhi yake tandiko likainama kulia kama dau lililoingia maji. Msharasi ulikuwa umepita ngozi ukagonga mfuko. Sikumwambia ndani kuna hewa, angejuaje? Mfuko mpya ulibidi uagizwe kutoka nje, na kwa miezi miwili tandiko lilining'inia ukutani huku nikilitazama. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Hewa ya tandiko imelielewa neno hilo kuliko wageni.

Hapo ndipo nilipoamua. Kinachonisumbua kwenye hewa si ubora wake. Farasi mwenye mgongo uliobonyea kwa uzee anaweza kuipenda kuliko sufu, na kama una farasi mmoja, tandiko moja, vipuri ndani ya sanduku na mtu aliyefundishwa kuipima, nunua bila kuogopa. Kinachonisumbua ni kwamba ikiharibika Tanga, hakuna wa kuifungua. Sufu ikiharibika, naifungua mwenyewe.

Namna ninavyofanya ni hivi. Chini ya mto, upande unaofichwa na kiunzi, mara nyingi kuna mpasuo wa kujazia. Nafumua nyuzi zake kwa wembe, polepole. Natoa sufu yote, naichambua kwa vidole kwenye mkeka kama mtu anayechambua mchele. Iliyobaki na uhai inafumka tena. Iliyoshikana kama kofia naitupa. Sufu mpya naletewa kutoka nyanda za juu za Kenya, ambako kondoo wa sufu wapo. Nasema neno zima siku hizi, sufu ya kondoo, na natuma picha ya kondoo kabisa nisije nikaletewa gunia la mto. Nagawa mafungu mawili, nayapima kwa mizani ya dukani ili kushoto na kulia zilingane, kisha naingiza vijibonge vidogo kwa chuma chembamba chenye kichwa butu, nikianzia ncha za mbali. Ukiingiza mabonge makubwa kwa haraka, farasi atayahesabu moja moja. Usishindilie; mto ukibonyezwa kwa kidole gumba unapaswa kukubali na kurudi. Sufu mpya inalala kwa matumizi, kwa hiyo miezi mitatu minne ya mwanzo lazima uliangalie tena, baadaye angalau mara mbili kwa mwaka. Mimi naangalia kabla ya masika na baada yake, kwa sababu ndipo migongo inapobadilika.

Kama huna subira hiyo, sufu nayo itamwumiza farasi wako vizuri tu.

Hewa au sufu, shahidi ni jasho. Panda nusu saa, vua tandiko, tazama kabla hayajakauka. Manyoya yaliyolowa sawasawa pande zote mbili ni dalili njema. Sehemu kavu katikati ya palipolowa inanitisha kuliko kitu kingine, kwani mara nyingi hapo pamebanwa mpaka jasho limeshindwa kutoka. Kisha weka tandiko tupu mgongoni, bila blanketi, upitishe mkono chini yake kutoka mbele hadi nyuma. Mkono ukibanwa mbele, ukacheza katikati, ukabanwa tena nyuma, tandiko hilo ni daraja: limesimama kwenye ncha mbili. Mwishoni lisivuke ubavu wa mwisho, maana nyuma ya hapo hapana kinachobeba. Na mpandaji akishakaa, vidole vitatu vipite kati ya tandiko na kile kiinuko cha juu ya mabega. Masikio yakilala nyuma ukiwa bado unashika mshipi, acha, anza upya.

Ukiletewa tandiko la hewa la mtumba, na Dar yanaonekana, usilipe siku hiyo. Lilaze kifudifudi mezani, mito juu, ukandamize kwa viwiko sehemu nne zote. Mfuko mmoja ukizama kuliko wenzake, umeshapata jibu. Zote zikiwa sawa, omba likae hapo usiku kucha chini ya feni, lisiguswe, uje ulikandamize tena asubuhi. Muuzaji akikataa usiku mmoja, mwachie tandiko lake. Na uliza vile vijibomba vya kujazia viko wapi; asipojua ni nini unachouliza, huenda hewa ile imefungwa kiwandani, na utakachonunua ndicho utakachokaa nacho.

Lile langu bado lipo. Mfuko ulifika, nikaubadilisha, na nalitumia kwa farasi mmoja tu, yule mkubwa anayependa kuingia baharini. Juu yake nimeandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kwa ajili ya fundi yeyote atakayelishika: HEWA NDANI, USITOBOE.