Maswali ya Wasomaji: Vivumishi vya Kiingereza na Visawe Vyake

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro. Hukariri vivumishi vigumu vya Kiingereza pamoja na visawe vyake. Katika insha nilimsifu baba yangu mdogo, ambaye hubana matumizi ili watoto wasome, kwa neno parsimonious, kwa kuwa daftari langu linalitaja kuwa kisawe cha frugal. Mwalimu alilipigia mstari mwekundu, akasema nimemtukana mzee. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako amesema kweli. Maneno hayo yote humhusu mtu asiyetoa fedha ovyo, lakini hayatoi hukumu moja: frugal na thrifty humsifu mwekevu, ilhali stingy na parsimonious humlaumu bahili. Hata haya mawili ya mwisho yana mahali tofauti, kwani stingy husikika katika mazungumzo ya kila siku, na parsimonious huonekana zaidi katika maandishi rasmi. Orodha ya visawe hukuonyesha maneno yaliyo jirani. Haikuambii lipi ni sifa na lipi ni lawama, na hapo ndipo wanafunzi wengi wazuri wanapopoteza alama.

Kwa hiyo anza na fasili, tena katika kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Kamusi ya Longman ya aina hiyo, iliyotoka mwaka 1978, ilifasili maneno yake kwa msamiati wa kawaida wa takriban maneno 2,000, hivyo mwanafunzi hatolewi kwenye neno gumu akatupwa kwenye jingine gumu zaidi. Kamusi za namna hii pia huweka alama kwenye neno la kulaumu au la kirasmi, usiziruke.

Kisha soma sentensi za mfano, uangalie kivumishi kinaandamana na nomino gani. Torrential huandamana na mvua kubwa, wala huwezi kukihamishia kwenye upepo mkali. Angalia pia nafasi yake: kwa kawaida kivumishi cha Kiingereza hutangulia nomino, lakini asleep hukaa baada ya kitenzi, kwa hiyo husemi an asleep child, bali the child is asleep.

Mwisho, tunga sentensi yako ambayo msomaji asiyelijua neno angeweza kukisia maana yake, umpe mwalimu aisahihishe kabla hujaliingiza neno hilo katika daftari.