Maswali yenu kuhusu Fernando Meirelles, mwongozaji wa Cidade de Deus

Wiki iliyopita nilimtaja kwa kifupi Fernando Meirelles, mwongozaji wa filamu wa Brazil, na maswali yakamiminika. Nimechagua haya sita. Mniwie radhi nikikaa zaidi kwenye la pili. Humo ndimo ilimo sababu ya kumpenda mtu huyu.

Mimi ni kijana wa Manzese, napiga video za harusi. Meirelles alisomea filamu chuo gani?

Hakusomea filamu, mdogo wangu. Alizaliwa São Paulo mwaka 1955 na akasomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha São Paulo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na rafiki zake walianzisha kikundi cha video, Olhar Eletrônico, wakawa wanatengeneza vipindi vya televisheni kwa namna yao wenyewe. Baadaye akaongoza kipindi cha watoto cha Rá-Tim-Bum, halafu akazama kwenye matangazo ya biashara kupitia O2 Filmes, kampuni aliyoianzisha na wenzake. Riziki yake ilitoka huko miaka mingi. Filamu yake ya Cidade de Deus ilipotoka mwaka 2002 alikuwa anakaribia umri wa miaka 47. Kwa hiyo harusi zako usizidharau. Bibi harusi havishwi pete mara mbili kwa sababu kamera ilichelewa, na jicho la kuwahi tukio namna hiyo hununui dukani.

Hapa Mombasa tulibishana sana maskani: wale watoto wa Cidade de Deus ni wahalifu kweli au waigizaji?

Wengi wao hawakuwa waigizaji, na wala hawakuokotwa njiani siku ya kupiga picha. Kwa wasioiona, filamu inasimulia jinsi magenge yalivyoukamata mtaa wa Cidade de Deus, yaani Mji wa Mungu, huko Rio de Janeiro. Mtaa huo upo kweli. Serikali iliujenga miaka ya 1960 ikawahamishia watu walioondolewa kwenye vitongoji vingine vya maskini. Paulo Lins, aliyekulia hapohapo, aliandika riwaya juu yake, ikatoka mwaka 1997.

Meirelles aliona kwamba mwigizaji maarufu wa televisheni asingeweza kubeba lugha ya mtaa ule. Wakatafutwa vijana kutoka mitaa ya maskini ya Rio, na wapatao 200 wakaingia kwenye mafunzo ya miezi kadhaa, wakisaidiwa na Guti Fraga, mtu wa kikundi cha maigizo cha Nós do Morro. Kabla ya filamu yenyewe walipiga ile fupi ya Palace II, wapime kama njia yao inakwenda. Hata ilipofika zamu ya kazi kubwa, vijana hawakukaririshwa maneno. Walielezwa tu: wewe unataka hiki, mwenzako anakukatalia, haya, semeni. Waliyoyasema ndiyo yakarudi kwenye karatasi ya mwandishi wa skripti, Bráulio Mantovani. Mmoja aliyewahi kuishi maisha ya genge alimwambia mwongozaji kuwa kabla ya mapigano watu husali kwanza. Ile sala mnayoiona, vijana wamekusanyika na silaha zao kabla ya kwenda kuuana, ilipatikana hivyo. Hakuna mwandishi wa ofisini ambaye angeiwaza.

Na yule Zé Pequeno anayewatisha wote ni Leandro Firmino, mwenyeji wa Cidade de Deus, ambaye siku ya usaili alikuwa amemsindikiza rafiki yake tu.

Tazameni tena dakika za mwanzo. Kisu kinanolewa. Kuku kafungwa mguu, anawatazama wenzake wakinyonyolewa. Anajinasua, anakimbia vichochoroni, na kundi la vijana wenye bastola linamkimbiza huku likicheka. Mwishowe kuku anasimama kati ya genge na kijana mwenye kamera shingoni, na nyuma ya kijana wamefika polisi. Mtaa mzima umo katika kukimbizana kule, na hakuna aliyehutubia.

Nimesikia kulikuwa na mwanamke aliyeiongoza pamoja naye. Mbona hatajwi? (Msomaji wa kike, Nairobi)

Ni kweli, dada, na ni Kátia Lund. Ameandikwa kama mwongozaji mwenza. Alikuwa akiijua mitaa ile kabla ya Meirelles kuikanyaga, kwani mwaka 1999 yeye na João Moreira Salles walitoa filamu ya hali halisi kuhusu vita vya polisi na wauza dawa za kulevya mjini Rio. Palace II pia waliiongoza wote wawili. Lakini uteuzi wa Oscar wa mwongozaji bora ulipotangazwa mwaka 2004, jina lilikuwa la Meirelles peke yake. Mimi naona Lund hakutendewa haki. Kazi iliyosimama juu ya imani ya vijana wale isingefika popote bila mtu waliyekuwa wakimwamini.

Je, alishinda hiyo Oscar?

Hapana. Filamu iliteuliwa mara nne mwaka ule, yaani uongozaji, skripti, upigaji picha na uhariri, ikarudi mikono mitupu.

Mimi ni mkazi wa Kibera. Mama aliniambia kuna Mbrazili alikuja kupiga filamu kwetu. Ni huyu?

Ndiye. Filamu ni The Constant Gardener ya mwaka 2005, kutokana na riwaya ya John le Carré kuhusu kampuni ya dawa inayowafanyia majaribio maskini wa Kenya. Alipiga picha Kibera na pia kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Alikuja na César Charlone, mpiga picha yuleyule wa Cidade de Deus, na kamera nyepesi inayobebwa mkononi. Ndiyo maana mwigizaji Rachel Weisz akipita vichochoroni unaona watoto wakimwitikia "hawayu, hawayu" kama wanavyomwitikia mgeni yeyote siku zote. Weisz alipata Oscar kwa kazi hiyo. Na ile sauti ya nyatiti inayokukaa moyoni ni ya Ayub Ogada, katika wimbo wake Kothbiro, yaani "mvua inakuja" kwa Kijaluo.

Watengenezaji walianzisha mfuko wa kusaidia elimu katika sehemu hizo walizopiga picha. Ila sitakuficha jambo: mashujaa wa filamu ile bado ni wageni, na mwenyeji anabaki pembeni akiugua. Katika Cidade de Deus mtoto wa mtaa ndiye anayesimulia. Natamani Kibera nayo ingesimuliwa na mtoto wake.

Baada ya hapo amefanya nini? (Msomaji, Tanga)

Mengi. Mwaka 2016, pamoja na Daniela Thomas na Andrucha Waddington, aliongoza sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki katika uwanja wa Maracanã. Mwaka 2019 akatoa The Two Popes, ya Anthony Hopkins na Jonathan Pryce. Lakini nataka nikueleze habari ya Blindness, ya mwaka 2008, kutokana na riwaya ya José Saramago, Mreno aliyepata Nobel. Wengi waliiponda ilipofungua tamasha la Cannes. Kisha Meirelles akaipeleka Lisbon, akaketi kando ya Saramago mwenyewe ukumbini. Filamu ilipokwisha mzee alinyamaza. Kuna video fupi ya dakika ile: Meirelles amekaa kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Hatimaye Saramago, machozi yakimlengalenga, akamwambia kuwa furaha aliyonayo ni ileile aliyokuwa nayo siku alipomaliza kukiandika kitabu. Meirelles akainama, akambusu kwenye paji la uso.