Usiuze Nyota ya Babu Kabla Hujajua Alikopigana

Kijana mmoja wa Urambo ameniandikia wiki hii. Amekuta nyota ya vita, yaani medali ya askari yenye umbo la nyota, ya marehemu babu yake sandukuni, na mnunuzi wa vitu vya kale ameshamtajia bei. Anauliza: auze?

Mdogo wangu, usiuze. Nasema kwa uchungu. Babu yangu hapa Tabora alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu; wazee waliwaita keya. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alisafisha chumba akachoma makaratasi yote, cheti cha kuachishwa jeshi kikiwemo. Zikabaki nyota mbili na medali moja ndani ya kopo. Hadi leo siku hiyo ikitajwa kikaoni, mimi hutoka nje.

Wengi hawajui kwamba medali za Vita vya Kwanza Waingereza walizichonga ukingoni namba na jina la askari. Zile za Vita vya Pili walizopewa keya zilitoka bila jina. Nyota ya babu yangu na ya babu wa jirani zinafanana kama punje za mtama. Cheti ndicho kinachosema hii ni ya nani. Cheti kikiungua, mnunuzi anabeba chuma na wewe unabaki na hadithi nusu.

Sikukubali kubaki na nusu. Nyota moja imeandikwa Burma, nchi ya Asia inayoitwa sasa Myanmar, na utepe wake ni mwekundu katikati, na kila upande buluu yenye mstari wa rangi ya chungwa. Nikaulizia ukoo mzima, mpaka shangazi wa Ujiji akatoa picha ya babu akiwa kijana, begani ana alama ya kichwa cha kifaru. Hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki! Nililia mbele ya shangazi bila aibu. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw, huko Burma, katikati ya mvua za masika ya huko, matope na malaria, ikiwasukuma Wajapani mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin, ikaingia mwezi Desemba. Ndani yake zilikuwamo batalioni za 26 na 36 za KAR, za watu wa Tanganyika. Babu yetu alikuwa huko, na sisi tulimjua kama mzee wa kufuga nyuki tu.

Kwa hiyo waulizeni wazee sasa, wakiwa hai. Msisugue medali kwa majivu wala steluu, msibandue utepe. Tafuteni cheti, tafuteni picha. Narudia: cheti na picha. Tunawalaumu wageni kwa kutoandika majina ya babu zetu, na sisi wenyewe tunayachoma uani!

Nawe wa Urambo, hujaniambia nyota yako imeandikwa nini. Ikiwa ni Africa, anza kumtafuta babu Uhabeshi (Ethiopia) na Somalia, 1940 hadi 1941. Ikiwa ni Burma, nitumie picha yoyote inayoonyesha bega lake.