Mafuta ni SPF 100, mbona mwanangu bado anaungua?

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka 7 ana ualbino, tunaishi Mwanza. Nampaka mafuta ya jua ya SPF 100 kila asubuhi kabla ya shule, na chupa ya mililita 50 tunaitumia miezi miwili. Siku za mawingu simu inaonyesha kiwango cha UV (mionzi ya jua inayounguza) kimeshuka, basi simpaki. Bado anarudi masikio na shingo vimeiva. Jirani anayeuza vipodozi anataka kunichanganyia poda ya zinki na mafuta ya nazi, anasema ina nguvu kuliko ya dukani. Nikubali? Mama Neema.

Jibu: Marahaba, Mama Neema. Usikubali. Nitarudi kwa jirani yako, ila kwanza tuitazame hiyo chupa.

Mililita 50 kwa miezi miwili ni chini ya mililita 1 kwa siku. Mtoto wa umri wake aliyevaa sare ya mikono mifupi anahitaji kama mililita 5, yaani kijiko cha chai kilichojaa, ili kupaka uso, masikio, shingo, mikono na miguu mara moja tu. Na mara moja haitoshi; mchana ameshatoka jasho na kujifuta. Kwa hiyo Neema anapata chini ya sehemu ya tano ya anachohitaji asubuhi, halafu hapati kitu hadi jioni.

Kila wiki nakutana na mzazi aliyeiamini namba kuliko kiasi. Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya kuungua na jua, hupatikana maabara, kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, kisha kuangalia ni mwanga kiasi gani unahitajika ngozi ianze kuwa nyekundu. Ukipaka nusu ya kiasi hicho, mafuta ya SPF 50 yanaweza kukupa kinga ya 25, na kwa baadhi ya vipimo inashuka hadi karibu 7. Tena SPF 100 haikingi mara mbili ya 50: ya 50 hupitisha asilimia 2 ya mionzi inayounguza, ya 100 asilimia 1. Umelipia asilimia 1 hiyo kwa bei kubwa, halafu bei ikakulazimisha kubania. Chupa kubwa ya SPF 30 au 50 inayokinga pia mionzi ya UVA, ile inayopenya ndani zaidi ya ngozi, ikipakwa ya kutosha, itamsaidia zaidi. Ulizia pia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino kuhusu Kilisun, mafuta yaliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao.

Simu yako haipimi chochote. Inaonyesha hesabu ya eneo zima, inayotokana na kimo cha jua, ozoni na mawingu yanayoonwa na setilaiti. Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kuanzia kiwango cha 3. Mwanza adhuhuri ya jua kali kiwango hupita 11 mara nyingi. Mawingu yakikipunguza hadi nusu, bado uko juu ya 5. Baridi nayo inadanganya, maana joto unalolihisi si mionzi ya urujuanimno (UV). Mfundishe Neema kipimo kisichohitaji bando: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, akae chini ya paa au mti.

Na nguo ni kinga bora kuliko mafuta. Mwone mwalimu mkuu, omba avae mikono mirefu ya kitambaa kizito na kofia ya ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo wazi, palepale anapoungua.

Sasa jirani. Zinki ni kinga halisi, ndiyo maana uongo huu unauzika. Lakini poda iliyokorogwa kwa kijiko kwenye mafuta ya nazi hujikusanya madonge, na katikati ya madonge ngozi inabaki wazi. Kiwandani husagwa na kusambazwa kwa mitambo, kisha hupimwa. Na hata hivyo mambo huharibika: mwaka 2025 shirika la watumiaji CHOICE la Australia lilipima mafuta 20 ya jua, 16 hayakufikia namba iliyoandikwa, na moja lililoandikwa SPF 50+ lilipatikana na SPF 4 tu. Hiyo ni nchi yenye maabara na wakaguzi. Mchanganyiko wa jikoni umepimwa na nani?

Baadhi ya wanaouza makopo yasiyo na lebo kwenye makundi ya WhatsApp ndio haohao wanaouza mkorogo, na mkorogo nimeukuta na zebaki ndani. Wanamwambia mama kwamba ngozi ya mtoto "itazoea jua". Ngozi isiyo na melanini, rangi ya asili inayoikinga, haizoei. Inaungua, inaota magamba, na kwa ualbino saratani huja mapema, wengine wakiwa bado vijana. Nimewapokea wagonjwa waliopaka dawa za kuchanganywa juu ya kidonda mwaka mzima, hadi sikio likabidi likatwe.

Mlete Neema kliniki ya ngozi kila miezi sita hata akiwa mzima. Ukiona gamba gumu lisilotoka, au kidonda kisichofunga ndani ya wiki nne, msingoje tarehe.